Agropoli na magofu ya Paestum: mwongozo kamili kwa mwenye siku mbili tu

Huu mwongozo nimeuandika kwa ajili ya watu wawili. Wa kwanza ni wewe mwenzangu ambaye uko Italia tayari, unatunza wazee majumbani kama mimi, au unafanya usafi, au uko chuo, una Alhamisi mchana na Jumapili yako basi, na kila ukipata nafasi unaishia stesheni ya Napoli unapiga stori na watu walewale. Wa pili ni unayetoka nyumbani kuja kutembea, ushawekewa Roma, Venezia na Milano kwenye ratiba, na huku kusini hakuna aliyekutajia. Mimi naishi Salerno, mji ulio mbele kidogo ya Napoli ukishuka kusini, mwaka wa sita sasa, na Paestum, magofu ya mji wa kale, nimeenda mara saba, na mara ya kwanza niliharibu kabisa, nilikwenda na kurudi ndani ya saa mbili na nusu kwa sababu nilidhani ni mawe tu.

Kwa hiyo neno langu kubwa ni hili, ukilishika hili mengine yote yatajipanga: usiende Paestum na kurudi siku hiyohiyo. Lala Agropoli. Ni mji mdogo juu ya bahari, kituo kimoja tu cha treni baada ya Paestum, na ukilala pale ndo unaelewa kwamba magofu na miji ya pembeni ni habari moja, watu walihama tu wakapanda juu.

Unaenda kuona nini

Soma hii kabla hujapanda treni maana ukishafika jua linawaka na hutakuwa na akili ya kusoma.

Paestum ilianzishwa na Wagiriki karibu mwaka 600 kabla ya Kristo. Hawakutoka Ugiriki moja kwa moja, walitoka Sybaris, mji mwingine wa Kigiriki hukohuko kusini mwa Italia, na mji wao mpya wakauita Poseidonia, kwa jina la Poseidon mungu wao wa bahari. Karibu mwaka 400 K.K. wakaja Walukani, wenyeji wa milimani, wakauchukua. Halafu mwaka 273 K.K. Waroma wakaufanya koloni lao na ndo jina la Paestum lilipokaa. Kwa hiyo ukitembea mle ndani unakanyaga miji mitatu iliyopandana, usishangae kuona hekalu la Kigiriki na soko la Kiroma vimekaa jirani.

Kilichoumaliza mji si vita peke yake. Maji yalianza kutuama, uwanda ukageuka kinamasi, na malaria ikaingia. Sisi malaria hatuhitaji kuelezwa. Watu wakapungua, waliobaki wakapanda kilimani wakaanzisha Capaccio, na kule chini yakabaki mahekalu na vichaka na nyati wa maji, kwa mamia ya miaka, mpaka karne ya 18 wasomi wa Ulaya walipoanza kuja kuyachora. Piranesi, mchoraji wa Kiitalia, aliyachora, Goethe, mwandishi wa Kijerumani, alifika mwaka 1787. Bibi ninayemtunza, ana miaka 87, anasema utotoni mwake watu wakitaja uwanda ule walitaja homa kwanza.

Na ndiyo maana mahekalu yamebaki mazima hivi. Mji mkubwa ungekaa juu yake mawe yangebebwa yote yakajengewa majumba. Mahekalu matatu bado yamesimama na nguzo zake, na ukuta unauzunguka mji mzima, karibu kilomita 5. UNESCO waliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1998 pamoja na magofu mengine ya Velia, hifadhi ya Cilento na monasteri ya Padula.

Makaratasi na msimu

Nitapita haraka hapa. Unayetoka nyumbani unahitaji viza ya Schengen, ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari iwe ya kufidia angalau euro 30,000, na maombi unaweza kupeleka hadi miezi 6 kabla ya safari lakini isipungue siku 15. Usingoje siku 15 jamani, peleka mapema. Uliyeko huku tayari beba pasipoti au kitambulisho pamoja na kadi ya soggiorno, kile kibali cha kuishi, kwa sababu nyumba yoyote ya wageni Italia lazima ikuandikishe polisi, hata kichumba cha usiku mmoja.

Msimu mzuri ni Aprili mpaka katikati ya Juni, halafu Septemba na Oktoba. Agosti mimi siipendi kwa safari hii. Mle ndani kivuli ni kidogo sana, vyumba bei juu, na wiki ya tarehe 15 Agosti Italia nzima iko ufukweni. Ila nitakuja kusema jambo moja kuhusu hiyo tarehe 15 huko chini.

Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho na magofu ya serikali Italia ni bure, na Paestum imo. Kwa sisi wa Jumapili hii ni neema, ila watu wanakuwa wengi, nenda mapema. Chini ya miaka 18 ni bure siku zote. Siku za kawaida msimu wa watalii tiketi iko kwenye euro 15 hivi, kipindi cha baridi inashuka, na tiketi hiyo moja inakuingiza kwenye magofu, makumbusho na Velia pia, kwa hiyo isitupe.

Kufika

Treni, usihangaike na basi. Unataka treni ya regionale, ile ya kawaida ya mkoa, kwenye reli inayoshuka Salerno kwenda Reggio Calabria. Kutoka Napoli Centrale ni kama saa moja na robo hadi saa moja na nusu, kutoka Salerno ni kama nusu saa na kidogo. Stesheni inaitwa Paestum tu, ndogo, ukisinzia unaipita. Inayofuata ni Agropoli-Castellabate, dakika kama 10 mbele.

Angalizo ambalo lilinigharimu. Tiketi ya karatasi ya regionale lazima uipige muhuri kwenye kile kimashine kidogo ukutani KABLA hujapanda, na ile ya kwenye simu lazima uifanyie check-in siku ya safari. Mimi nilikuwa na tiketi halali, nimelipa pesa yangu, sijapiga muhuri, konda akaniandikia faini palepale mbele za watu na nikatamani sakafu inimeze. Piga muhuri. Na Jumapili treni ni chache, piga picha ratiba ya kurudi kabla hujaondoka stesheni, usitegemee mtandao.

Na saa zetu, mimi humu naandika kwa Kiswahili, saa mbili na nusu asubuhi yaani 8:30, maana najua kuna mtu alishawahi kuachwa na treni kwa ajili ya hilo.

Shukia Agropoli kwanza

Ukiweza ondoka siku ya kwanza mchana, fika Agropoli saa kumi hivi, kabla ya hapo maduka mengi yamefungwa kwa mapumziko ya mchana utaona mji umekufa ukafikiri umekosea. Kutoka stesheni hadi katikati ni mwendo wa miguu kama dakika 20, una begi zito chukua teksi.

Tafuta chumba katikati, kati ya mji mpya wa chini na mji wa zamani wa juu. Watafutao ufukwe wanakaa upande wa San Marco, ni sawa, lakini mimi nataka uwe karibu na ngazi. Zile ngazi ndo Agropoli yenyewe, wanaziita gli Scaloni, mawe mapana yanapanda polepole mpaka kwenye lango kuu la mji wa kale. Ni pana kiasi kwamba watu wa makamo wanapanda bila kushika ukuta, wanapumzika katikati, wanaongea, wanaendelea. Ukishapita lango, kushoto na kulia ni vichochoro, paka, nguo zimeanikwa, harufu ya kitunguu kinakaangwa, na kanisa dogo la Madonna wa Costantinopoli linatazama bandari. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe akifika hapo miguu yake inajua yenyewe pa kwenda.

Jina Agropoli ni Kigiriki, akropolis, mji wa juu. Walioujenga kama ngome ni Wabizanti, yaani Waroma wa mashariki, karne ya 6. Halafu kuanzia 882 hadi 915 ulikuwa mikononi mwa Wasaraseni, ndivyo walivyowaita Waislamu waliotoka ng'ambo ya bahari, wakaufanya kituo chao cha kuvamia pwani. Panda mpaka juu kabisa kwenye kasri, kaa ukutani, tazama kaskazini. Ule uwanda mpana unaouona unazunguka ghuba, kule ndani ndo Paestum. Hapo sasa unaelewa kwa nini watu walipanda juu, chini kuna mbu na kuna maharamia, juu unamwona adui akiwa bado mbali.

Kula usiku hakuanzi kabla ya saa moja na nusu, usiende saa kumi na mbili ukakasirika mlango umefungwa. Omba alici, dagaa wakubwa wa huku, wanawakaanga au wanawaloweka kwenye limau na mafuta ya zeituni. Kwenye bili utaona coperto, euro moja na nusu au mbili kwa kichwa, ni malipo ya meza na mkate, ni kawaida, hujaibiwa.

Siku ya magofu, saa kwa saa

Amka mapema, panda treni ya kwanza inayokufaa urudi kituo kimoja nyuma mpaka Paestum. Ukitoka stesheni kuna barabara moja imenyooka mbele yako, ifuate, baada ya muda mfupi utapita chini ya tao la mawe, hilo ni Porta Sirena, lango la mashariki la ukuta wa kale. Pita taratibu, gusa jiwe, ukuta huo una unene wa mita 5 na zaidi sehemu nyingine. Endelea kama dakika 10 hadi 15 utafika.

Beba maji lita moja na nusu, kofia, viatu vya kufunika vidole kwa sababu ardhi ni mawe na majani, na kitu kidogo cha kutafuna. Magofu yanafunguliwa saa mbili na nusu, fika muda huo. Mahekalu yote matatu yanatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linakuja toka milimani linapiga usoni mwa mahekalu na mawe yanageuka rangi ya asali. Saa sita ni meupe tu, yamekufa.

Sasa nisikilize. Mlango wowote utakaoingilia, nenda kwanza mwisho wa kusini halafu rudi ukienda kaskazini. Hivyo unayaona mahekalu kuanzia la zamani.

La kwanza kusini wanaliita Basilica, lakini ni hekalu la Hera, mungu wao wa kike, la karibu mwaka 550 K.K. Jina la basilica walilipa wasomi wa karne ya 18 ambao hawakuelewa ni hekalu. Simama mbele uhesabu nguzo, ziko 9. Namba witiri, kwa hiyo katikati ya mlango pamesimama nguzo, huwezi kuingia katikati! Na ndani kuna mstari mwingine wa nguzo unaligawa hekalu mara mbili, watu wanabishana mpaka leo kwa nini. Zunguka, jumla ni 50. Halafu itazame nguzo moja kwa karibu, imevimba tumboni kama mtu aliyebeba kitu kizito kichwani, na ile sahani ya jiwe juu yake imetandazwa bapa imetokeza nje, kama ngata iliyokandamizwa na ndoo ya maji. Mafundi walikuwa wanatafuta namna ya kulionyesha jiwe linabeba uzito. Hekalu hili unaruhusiwa kuingia ndani, kuna njia imetengenezwa hata kiti cha magurudumu kinapita. Ingia. Kaa kidogo.

Hatua chache pembeni ni lile kubwa wanaloliita la Neptune, jina la Kiroma la Poseidon, hili ni la karibu 460 hadi 450 K.K. Miaka mia moja imepita na unaiona tofauti kwa macho bila kusoma popote. Hapa nguzo za mbele ni 6, za ubavuni 14, ni nene lakini zimesimama wima zaidi, na pembetatu za juu mbele na nyuma bado zipo. Ndani kuna nguzo ndogo zimepandana ghorofa mbili. Mimi hili ndo nalipenda kuliko yote, na napenda kulitazama kutoka kona, sio mbele, kwa sababu ukisimama kona nguzo zinafungana zinakuwa msitu, ukipiga hatua moja zinafunguka.

Kutoka hapo tembea kaskazini polepole, unapita mji wenyewe: barabara za mawe, misingi ya nyumba, soko la Waroma, bwawa kubwa la kuogelea lenye viguzo vifupi ndani yake. Kuna uwanja wa mapambano wa duara na utaona nusu yake tu, kwa sababu barabara ya gari ilipitishwa katikati na nusu nyingine imefukiwa upande wa pili. Inauma kuona, lakini ndivyo watu walivyokuwa wanafanya.

Usipite bila kusimama kwenye kijumba kimoja chenye paa la vigae kimezama ardhini, unaweza kudhani ni ghala. Mwaka 1954 walipokifukua hawakukuta mlango. Kimefungwa kote, na ndani kulikuwa na vyungu 8 vya shaba nyeusi vyenye kitu kizito kama ute kimekaa tangu miaka ya 520 K.K. hivi. Tangu mwanzo walidhani ni asali, vipimo vya kwanza havikuthibitisha, hadi mwaka 2025 watafiti wa Oxford wakapima kwa mashine za sasa wakasema ndiyo, ni masalia ya asali. Sadaka ya asali, ikafungiwa chini ya ardhi bila mlango, kwa heshima ya mtu asiyeonekana. Sisi tunaotoka kwenye desturi za kutambika hatuwezi kusimama pale tukasema hatuelewi kitu.

Mwisho kaskazini ni hekalu la Athena, mungu mwingine wa kike wa Wagiriki, la karibu 500 K.K., dogo kuliko mengine, nguzo 34, limekaa juu kidogo. Baadaye Wakristo waliligeuza kanisa na wakazika watu wao hapo. Nyasi zake ni nzuri kwa kukaa na kula ulichobeba, ila takataka zako uondoke nazo.

Na jambo moja kabla hujatoka. Tarehe 9 Septemba 1943 wanajeshi wa Marekani walishuka kwenye fukwe za hapa, kwenye uvamizi wa Salerno, na mapigano yalikuwa karibu kabisa na mahekalu. Bibi yangu alikuwa na miaka mitano. Anachokumbuka ni mama yake kamfunika na blanketi mchana wa joto na kumwambia asitoke mpaka aambiwe. Nilipomwonyesha picha zangu za hekalu la Neptune aliuliza swali moja tu, "zote bado zimesimama?"

Makumbusho, saa sita mchana

Jua likikaa utosini ndo unavuka barabara unaingia makumbusho, kuna kivuli na vyoo. Watu wengi wanaruka makumbusho kwa kuchoka. Afadhali uruke uwanja wa mapambano kuliko uruke makumbusho.

Mle ndani kuna vitu vitatu vya kwako, vingine vitazame ukipenda.

Kwanza zile picha za kuchongwa kwenye mawe kutoka hekalu la Hera la mdomo wa mto Sele, kilomita kama 9 kutoka mjini. Zilifukuliwa kuanzia 1934 na waakiolojia Umberto Zanotti Bianco na Paola Zancani Montuoro, katikati ya kinamasi na malaria yenyewe.

Pili makaburi ya Walukani yaliyopakwa rangi ndani, farasi, wapiganaji wanarudi nyumbani, wanawake wanalia matanga wameshika vichwa. Kumbuka hizi picha hazikuchorwa zionwe, zilifunikwa na udongo siku ya maziko.

Tatu ndo lile ambalo ukiniuliza nitakwambia safari nzima ni kwa ajili yake. Kaburi la Mpiga Mbizi. Lilipatikana Juni 1968 kusini kidogo ya mji, na mwakiolojia Mario Napoli, nalo ni la karibu 480 hadi 470 K.K. Ni mabamba matano ya jiwe. Manne ya kuta yana wanaume kwenye karamu, wamejilaza kwenye vitanda wanakunywa, mmoja anarusha masalia ya divai kwa kidole kulenga shabaha, ulikuwa mchezo wao, mwingine anapuliza zumari. Usiyakimbie hayo. Halafu nenda kwenye bamba la tano, mfuniko, ambalo upande wake wa picha ulikuwa unamtazama marehemu usoni.

Kijana yuko hewani. Uchi, mikono mbele, kichwa kimeinuka kidogo, ameshaacha mnara wa mawe nyuma yake na hajafika kwenye maji. Chini maji yamechorwa kama kilima kidogo cha kijani kibichi. Miti miwili myembamba pembeni. Kingine chote ni weupe wa lipu. Ukisogea karibu unaona mchoraji alimpa vinywele vichache tu vya ndevu kidevuni, yaani ni kijana ndo kwanza anaota ndevu. Wasomi wengi wanasema anatoka uhai anaingia mauti. Mimi nilisimama pale nikamkumbuka kaka yangu akiruka gatini Tanga, miaka kumi na sita, vilevile, na sikuondoka mpaka watoto wa shule walipoingia na kelele zao.

Kabla hujatoka tafuta sanamu ndogo za udongo za Hera amekaa kwenye kiti, mkononi ameshika komamanga. Likariri hilo komamanga.

Jibini, na namna ya kutoliharibu

Nyati wa maji wa kile kinamasi bado wapo, siku hizi wanafugwa vizuri, na maziwa yao ndo mozzarella ya nyati yenyewe, sio ile ya mfuko wa supamaketi. Kuzunguka Paestum viwanda vidogo vya jibini, caseificio, ni vingi na vingine vinaruhusu kutazama kupitia kioo mafundi wanavyovuta na kukata kwa vidole. Neno mozzare ni hilo, kukata. Nenda mapema, ikiisha imeisha mpaka kesho.

Sheria zake ni chache lakini hazina mjadala kwa watu wa huku. Inakaa kwenye maji yake ya chumvi ileile waliyokufungia. Haiingii friji kama utaila leo. Inaliwa siku hiyohiyo au kesho yake. Ukiikata lazima itoe maziwa, isipotoa ni ya jana. Wenzangu Waislamu mjue kigandishi chake, caglio, kwenye ile yenye DOP, muhuri wa kuthibitisha asili yake, ni cha ndama, kwa hiyo uliza na uamue mwenyewe. Kuanzia Februari hadi Mei utakuta pia artichoki ya Paestum, mboga ya ua, ya duara haina miiba, ya kuchoma kwenye makaa na mafuta na kitunguu saumu.

Kilima cha komamanga

Hii ni sehemu ambayo hutaikuta kwenye ratiba za watalii na inahitaji gari au teksi, mkiwa watatu mnagawana inakuwa nafuu. Mwambie dereva Santuario della Madonna del Granato, juu ya Capaccio. Ni kanisa la zamani mlimani, pale ambapo watu waliokimbia Paestum walipanda. Ndani yuko Bikira Maria amekaa, mtoto upande mmoja, na mkono mwingine ameshika komamanga. Granato ni komamanga.

Umeshaona ulichokiona makumbusho saa chache nyuma. Watu walihama, dini ikabadilika, jina la mama likabadilika, tunda likabaki mkononi. Sikukuu yake ni hiyo tarehe 15 Agosti niliyosema, na kama utakubali kuteseka na joto la Agosti kwa siku moja basi iwe hiyo, watu wanapanda kwa maandamano hadi kanisani. Siku za kawaida pako kimya, unaona uwanda wote mpaka baharini, na mahekalu ukiyatafuta vizuri.

Ukiwa na siku ya tatu

Chaguo la kwanza Velia, kusini zaidi, treni hadi Ascea halafu teksi maana stesheni iko mbali na magofu. Huo ni Elea, mji wa Parmenides na Zeno wanafalsafa, ulioanzishwa karibu 540 K.K. na Wagiriki wa Phocaea waliowakimbia Waajemi. Kitu cha kuona ni Porta Rosa, tao la mawe la karne ya 4 K.K., aliligundua yuleyule Mario Napoli mwaka 1964 na akalipa jina la mke wake, Rosa. Chaguo la pili kama umechoka mawe ni ghuba ya Trentova pembeni ya Agropoli, maji safi, njia za kutembea kwa miguu msituni, na jina lake wenyeji wanasema linatokana na mayai thelathini yaliyokutwa kwenye mwamba.

Kurudi

Kwenye treni ya kurudi Salerno kaa dirisha la kushoto. Baada ya kituo cha Paestum ukuta wa kale utapita upande huo, angalia mapema kwa sababu unapita upesi.

Jibini liwe juu ya magoti, sio kwenye sehemu ya mizigo, mfuko ukitoboka begi lote linanuka. Mimi kila safari namletea bibi mbili kubwa. Hasemi asante kwanza. Anachukua kisu, anakata moja katikati, anainama anatazama maziwa yanavyotoka kwenye sahani, halafu ndo ananiambia nivute kiti.